Mto Ukidai Njia Yake: Kisiwa cha Vienna, Bonde la Msimbazi na Maji Yetu ya Kilimanjaro

Kila masika yanapokolea, simu ya studio yetu hupokea ujumbe wa aina moja kutoka tambarare. Msikilizaji wa upande wa Kahe anauliza: kwetu leo jua linawaka, hata wingu hakuna, mbona mto umejaa mpaka umeingia kwenye mahindi? Wa Mabogini anataka kujua ni nani aliyewaruhusu majirani wa ng'ambo kuinua tuta, maana tangu waliinue maji yote yanamiminika upande wake. Mwaka huu mwingine aliongeza swali ambalo hatukulitarajia. Alisikia kwamba huko Ulaya kuna mji uliochimba mto wa pili kando ya mto wake, udongo ukawa kisiwa, na sasa watu wanakwenda kwenye kisiwa hicho kuogelea na kuchoma nyama. Akauliza: ni kweli, na kwa nini sisi tusifanye hivyo kwa mto Karanga au Rau?

Ni kweli. Na jibu la swali la pili ni refu kuliko lilivyoweza kuingia katika dakika kumi za kipindi, ndiyo maana tumeliandika hapa ulisome kwa nafasi yako.

Kwanza, maji yanatoka wapi

Tuanze na hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye eneo la mita moja ya mraba, inatoa lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba elfu nne na ushee. Kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo huku kwetu si ajabu kuiona kwa usiku mmoja wa mwezi wa nne, inamwaga kwenye ekari moja lita laki mbili. Chukua yale mapipa ya lita 200 tunayokingia maji chini ya bati. Ni mapipa elfu moja kwa ekari moja tu.

Sasa tazama mlima. Mvua ya Kilimanjaro hainyeshi sawasawa. Upande wa kusini, yaani upande wetu wa Kibosho, Old Moshi, Kilema na Marangu, ukanda wa msitu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini hupata kiasi kisichofika nusu ya hiyo. Ukishuka Kahe na Arusha Chini ni kidogo zaidi, na ndiyo maana kule kilimo cha maana ni cha umwagiliaji. Mtu wa tambarare anaishi kwenye nchi kavu iliyo chini ya paa lenye maji mengi. Mvua ikinyesha msituni jioni, maji yanashuka makorongoni usiku, na asubuhi yanamkuta yeye akiwa hajaona hata tone. Kwa hiyo ndugu yetu wa Kahe hakuota. Mafuriko yake yalinyesha kwa mtu mwingine.

Njia ya maji hayo wengi wetu tunaijua kwa macho. Karanga, Weru Weru na Kikafu huingia Kikuletwa. Rau hushuka upande wa mashariki wa mji na kuelekea Ruvu. Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo unaanza mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi.

Kati ya msitu na tambarare kuna vihamba, na kihamba kilichotunzwa ni sifongo. Migomba, kahawa, miti ya kivuli na majani yaliyooza chini hupokea maji na kuyaachia polepole. Bati, lami, uwanja uliosakafiwa na njia ya pikipiki iliyokanyagwa mpaka ikawa kama saruji havipokei kitu. Mji umekua, vitongoji vya mlimani navyo vimejengwa nyumba hadi nyumba, na maji yaliyokuwa yakichukua siku kufika chini sasa yanafika kwa saa chache. Kiasi cha mvua kinaweza kuwa kile kile cha zamani, lakini mto ukajaa zaidi kwa sababu kila kitu kinafika kwa wakati mmoja.

Tuta halimezi maji

Watu wengi wakivamiwa na mto, wazo la kwanza ni tuta. Ni wazo la haki, na mahali pengine ndilo pekee linalowezekana. Lakini tuta halipunguzi maji hata lita moja. Linayazuia yasiingie hapa, nayo yanatafuta pengine. Ukiinua ukingo wako, maji yaliyokuwa yasambae kwenye shamba lako yanapanda juu zaidi mtoni na kuvuka upande wa jirani, au yanakwenda kwa kasi zaidi na kumkuta wa chini. Jirani naye akiinua, mto uko kwenye mfereji mwembamba, unapanda juu kuliko mashamba ya pande zote mbili. Siku tuta likipasuka, na tuta la udongo likivukwa na maji kwa juu huwa halichukui muda kukatika, yanayotoka si maji ya kusambaa taratibu kama zamani. Ni ukuta wa maji.

Kuna jambo jingine ambalo mito yetu inalo zaidi ya mingi. Inabeba mchanga na mawe. Mto ukiwa kwenye mteremko una nguvu ya kubeba. Ukifika tambarare unapoa, unatua mzigo wake. Sakafu ya mto inapanda mwaka hadi mwaka. Tuta lililotosha miaka kumi iliyopita leo ni fupi, bila mtu kulipunguza.

Kwa hiyo yule msikilizaji wa Mabogini ana hoja. Na wa ng'ambo naye ana hoja, maana naye anazuia maji yasile mpunga wake. Hawa si maadui, ni watu wawili waliopewa mto mmoja usio na nafasi.

Walichofanya Vienna

Vienna ni mji mkuu wa Austria, nao umejengwa kando ya mto Danube, mmoja wa mito mikubwa kabisa ya Ulaya. Mto huo umewahi kuzamisha mji mara nyingi. Miaka ya 1870 waliunyoosha kwa kuchimba njia mpya, na upande mmoja wakaacha uwanda wazi wa majani, upana wa karibu nusu kilomita, ili maji yakizidi yasambae pale. Haikutosha. Mwaka 1954 mafuriko makubwa yaliingia mjini, na mwaka 1969 baraza la mji likapitisha mpango mpya.

Mpango wenyewe ukiusikia ni rahisi kama hadithi ya watoto. Kwenye ule uwanda wa majani walichimba mto wa pili, sambamba na wa kwanza, urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa karibu mita 200. Udongo uliochimbwa ulipaswa kuwekwa mahali fulani, na kuusomba kwa malori kwenda mbali ni gharama. Wakaurundika katikati ya mito hiyo miwili. Rundo hilo ndilo kisiwa. Kina urefu ule ule wa kilomita 21, na mahali kilipo kinene kabisa hakizidi mita 250. Kazi ilianza 1972 na kumalizika 1988, miaka kumi na sita.

Anayejua mfongo hatapata shida kuelewa unavyofanya kazi. Sisi tuna banio la kuchepusha maji ya mto yaende kwenye mashamba wakati wa haja. Wao wana malango makubwa ya chuma mwanzoni mwa mto wa pili. Siku za kawaida yamefungwa, na maji ya ndani yametulia kama bwawa, safi, watu wanaogelea. Danube ikianza kujaa malango hufunguliwa, na mto wa pili unachukua sehemu ya mzigo. Ni mfongo wa kinyume: wetu unaleta maji tunayoyataka, wao unaondoa wasiyoyataka.

Njia zote mbili kwa pamoja zilipimwa ziweze kupitisha mita za ujazo 14,000 kwa sekunde, kwa kipimo cha mafuriko ya mwaka 1501, makubwa kuliko yote yanayokumbukwa pale. Mita moja ya ujazo ni yale mapipa yetu matano. Kwa hiyo ni mapipa elfu sabini yanayopita kila unapohesabu moja. Mafuriko makubwa ya 2002 na 2013 yalipita bila kuuzamisha mji.

Mwanzoni ilikuwa kazi ya maji tu. Mapumziko yaliingia kazi ikiwa imeshaanza, pale wasanifu na watu wa bustani walipoitwa kuulizwa rundo hilo la udongo litafanywaje. Leo kuna miti, njia za baiskeli, fukwe, na sehemu za kuchomea nyama. Kila mwaka hufanyika tamasha la muziki la siku tatu lisilo na kiingilio, na waandaaji huhesabu mahudhurio kwa mamilioni. Tunalitaja hili kwa sababu lina maana kubwa kuliko burudani. Ardhi iliyoachwa wazi kwa ajili ya siku mbaya moja katika miaka kadhaa ina adui mmoja, naye ni mtu anayeiona iko tupu. Ukiifanya uwanja wa watu wote, watu wenyewe wanakuwa walinzi wake. Ukiiacha pori, patajengwa.

Kwa haki tuseme pia ambalo kisiwa hakikuweza. Mwezi Septemba 2024 mvua kubwa ilinyesha Austria. Danube na mto wake wa pili vilifanya kazi yake. Kilicholeta taabu mjini ni kijito kinachoitwa Wien, kifupi, kinachoshuka haraka kutoka vilimani magharibi ya mji. Kilijaa ghafla mpaka baadhi ya njia za treni za chini ya ardhi zikasimama. Ukiuliza mito ya Moshi inafanana na upi kati ya hiyo miwili, ni huo wa pili.

Mfano wa karibu: Jangwani

Hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta bonde linaloahidiwa kuwa kinga ya mafuriko na bustani kwa pamoja. Kila aliyewahi kupanda basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, akafika Ubungo, kisha akataka kufika Kariakoo, amepita Jangwani. Pale barabara ya Morogoro inakata bonde la mto Msimbazi.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Njiani unapokea vijito kama Sinza na Ubungo, vilivyozungukwa na nyumba pande zote. Mpango wa jiji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Lakini karatasi haina miguu ya kwenda kusimama bondeni. Watu waliotafuta mahali pa bei nafuu karibu na kazi walijenga, wakawekewa umeme, wakafunguliwa shule, wakalipishwa kodi ya jengo. Miaka ikapita, nyumba ya muda ikawa urithi.

Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeona mfano wake tangu 1954. (Ni mwaka ule ule wa mafuriko ya Vienna, tumeona tu sadfa.) Watu zaidi ya arobaini walikufa. Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, mbali kaskazini ya jiji, ikawapa viwanja. Wapo waliojenga na wakabaki. Wapo waliouza na kurudi bondeni, na kabla ya kuwalaumu jiulize mama anayeuza vitumbua Kariakoo alfajiri atafikaje kutoka Mabwepande. Desemba 2015 yalikuja matingatinga, nyumba zilizowekwa alama ya X zikabomolewa, wengine wakakimbilia mahakamani. Bonde halikupona. Mto uliendelea kujaa, barabara ya Jangwani ikawa inafungwa kila mvua kubwa, na hata mabasi ya mwendokasi, ambayo karakana yake ilijengwa hapo hapo bondeni, yalizama mara kadhaa. Kama ardhi ya hatari ilikatazwa kwa mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, ni vigumu kumweleza ilikuwaje ikafaa kwa karakana ya umma.

Mwaka 2018 njia ilibadilika. Badala ya kuanza na tingatinga walianza na mazungumzo: wataalamu wa maji, maofisa wa serikali na halmashauri, vyuo, na wakazi wenyewe walikaa vikao kwa miezi kadhaa juu ya ramani moja. Kutoka humo ukaja mpango wa bonde, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200. Uholanzi na Hispania nazo zimechangia, na mradi mzima unatajwa kuwa wa dola milioni 260.

Ukisoma mpango huo unakutana na rundo la udongo la Vienna kwa sura nyingine. Mto utachimbwa uwe mpana na wenye kina sehemu ya chini, na udongo utakaotoka utatumika kuinua kingo za bonde kwa ngazi, ili sehemu ya juu ijengeke kwa usalama. Sehemu ya chini inabaki kuwa bustani ya jiji, yenye viwanja vya michezo na njia za kutembea, na siku ya mvua kubwa bustani hiyo ndiyo inayozama. Hairuhusiwi tu kuzama, imepangiwa kuzama. Daraja jipya la Jangwani la mita 390 litapita juu ya maji, na karakana ya mwendokasi inahamishwa. Upande wa juu kuna kazi ya kupanda miti na kuzuia mmomonyoko, kwa sababu Msimbazi nao unabeba mchanga mwingi. Ukichimba chini bila kuzuia mchanga juu, utachimba tena kila mwaka.

Na watu? Zaidi ya nyumba elfu mbili zimeguswa, na safari hii fidia imelipwa hata kwa wasiokuwa na hati, kwa thamani ya nyumba na kiasi fulani kwa ardhi. Wapo walioridhika, wapo waliolalamika kwamba kiasi walichopewa hakinunui kiwanja popote ndani ya jiji. Kwa maoni yetu hapo ndipo mradi utakapopimwa, kuliko kwenye urefu wa daraja. Vienna walichimba kwenye uwanda ambao karne nzima ulikuwa umelindwa usijengwe. Dar es Salaam inaununua upya kwa bei ya maisha ya watu. Tofauti ya gharama kati ya kulinda nafasi mapema na kuirudisha baadaye unaiona hapo, kwa shilingi na kwa machozi.

Je, Karanga na Rau?

Turudi nyumbani. Jibu letu kwa aliyeuliza ni kwamba kisiwa kama cha Vienna hakifai kwa Karanga, na tungekuwa wa kwanza kuuliza maswali endapo mtu angekuja na ramani yake. Danube ni mto mpana unaopanda kwa siku kadhaa. Wanapata muda wa kufungua malango. Mito yetu inapanda kwa saa, usiku, ikiwa na mawe na magogo. Lango la chuma kwenye mto wa namna hiyo hujaa takataka kabla hujapata ufunguo. Kwenye mteremko, mfereji wa pili unaweza ukageuka korongo.

Kinachofaa kuchukuliwa ni wazo lililo chini ya kisiwa: mto una maji ya siku za kawaida na maji ya siku ya kujaa, na yote mawili yanahitaji mahali. Sisi tulipangia ya kwanza tu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani ulitupatia mabanio na mifereji ya kugawa maji ya Njoro na Rau, na wakulima wa Mabogini na Chekereni wakafahamika kwa mpunga. Ni kazi nzuri. Lakini banio la kugawa uhaba halijui kugawa wingi.

Na nafasi ya maji ya kujaa tunayo tayari, tena karibu. Msitu wa Rau uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, ni msitu wa chemchemi na maji ya ardhini, una mivule mikubwa ambayo watu wanakuja kuitazama. Vijana wanawatembeza wageni kwa miguu na baiskeli, wanapita mashamba ya mpunga, wanalipwa. Maji yakizidi, msitu wa namna hiyo unayapokea bila kulalamika. Hakuna aliyeuchimba, hakuna mkopo. Kinga na burudani mahali pamoja. Kinachohitajika ni usiliwe kidogo kidogo pembezoni, leo jiko la mkaa, kesho kiwanja.

Sheria ipo pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi tunaijua kama fimbo ya kuwachapa wenye bustani za mchicha. Ukiitazama kwa jicho la mafuriko, mita 60 kila upande ni mto wa pili wa Vienna, ila haujachimbwa. Ni nafasi ya maji kupanuka. Panaweza kuwa na majani ya kukata kwa ajili ya ng'ombe wa zizini, miti inayoshika udongo, au uwanja wa vijana kucheza mpira, ambao ukizama siku mbili hakuna aliyekufa. Nyumba yenye watoto wamelala haifai pale, hata kama kiwanja kimeuzwa kwa maandishi mbele ya shahidi.

Kuhusu matuta, anayetaka kuchepusha mto, kuuzuia au kubadili njia yake anahitaji kibali, na kwa upande wetu ofisi inayohusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapa hapa Moshi. Hii inawahusu ndugu wa Mabogini wa pande zote mbili. Badala ya kushindana nani atainua zaidi, mnaweza kwenda pamoja, kupitia serikali za vijiji na jumuiya ya watumia maji, mkaomba mtaalamu aje aseme tuta lisogezwe nyuma kiasi gani. Neno ni kulisogeza nyuma. Tuta lililo mbali na mto kwa hatua mia linaweza kuwa fupi na likadumu, kwa sababu maji yana mahali pa kutanuka kabla ya kulifikia. Linagharimu ardhi, hatufichi. Ile ardhi ya mbele ya tuta italimwa kiangazi na kuachwa masika, na wenye nayo wana haki ya kudai kwamba wanaokingwa nyuma wachangie.

Wakati hayo yakisubiri vikao

Masika ya 2024 yalituonyesha kwamba mvua haisubiri. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mvua na mafuriko, na zaidi ya laki mbili wameathirika. Huku Kilimanjaro nako tulizika.

Kwa aliye tambarare, dalili ya kutazama ni mlima wenyewe, kuliko wingu lililo juu ya nyumba yako. Ukiona ukanda wa msitu umefunikwa mchana kutwa, ukasikia kutoka kwa ndugu wa Kibosho au Kilema kwamba kunanyesha bila kukata, usisubiri jua la kwako likudanganye. Piga simu juu. Karibu kila mtu wa Kahe ana shemeji au mkwe mlimani, na simu hiyo ya dakika moja inaweza kuutangulia mto kwa saa kadhaa. Sikiliza pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa tunazozisoma asubuhi na jioni. Wakitaja mvua kubwa kwa mikoa ya nyanda za juu kaskazini mashariki, wanatutaja sisi.

Maji yakibadilika rangi ghafla kuwa ya udongo, au yakaanza kuleta matawi na majani mabichi, ondoka mtoni hata kama hayajapanda. Usivuke yanayokwenda kasi. Maji yanayotembea yakifika katikati ya muundi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika gotini yanaweza kulisukuma gari. Mwenye bodaboda asijidanganye kwamba aliyemtangulia amepita.

Na tunalo ombi. Kwa walio kando ya Karanga, Rau, Njoro, Weru Weru na Kikuletwa: yale maji ya 2024 yaliacha alama kwenye kuta, kwenye mashina ya miti, kwenye nguzo za umeme. Alama hizo zinafutika. Chukua rangi au hata patasi, chora mstari mahali maji yalipofika, andika mwaka, piga picha kwa simu na ututumie pamoja na jina la kitongoji. Tunazikusanya, na tutazipeleka kwenye ofisi za vijiji na za bonde kabla ya masika yajayo. Fundi anayekuja kuuliza nyumba ianzie wapi, au tuta lisimame wapi, hana cha kuanzia kizuri kuliko mstari huo ukutani.